Saa Nane ya Mashine

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, kisha mawingu mazito yaliyokaa juu ya mabati kutwa nzima, hayanyeshi wala hayaondoki.

Chumba chetu cha darasa kiko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukipanda ngazi unapokewa na harufu ya rangi na saruji, na sakafu hutetemeka kila wanaposhusha nondo. Kuna meza mbili ndefu, kompyuta zilizokwisha kuchosha watu wengine kabla yetu, ubao mweupe, na kikapu cha plastiki mlangoni ambamo kila mmoja hutia simu yake kabla ya kuketi. Mwalimu naye hutia yake. Sheria ni yake, na yeye huwa wa kwanza kuifuata.

Tulimwita Mama Nyekundu. Jina halikutokana na mavazi. Lilitokana na ule mstari mwekundu unaojichora chini ya neno pale unapokosea kuandika programu. Wengine tukiuona mstari huo tunasonya. Yeye huufurahia kama mtu aliyepigiwa hodi na rafiki. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, akajifunza kutengeneza kurasa za wavuti kwa kujisomea, na sasa hufundisha watu wazima tusiojua mbele wala nyuma. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, na mwandiko wake ubaoni umenyooka kama uliopigwa rula.

Somo la siku hiyo lilikuwa aina: kuiambia mashine mapema kila kisanduku kitabeba kitu gani, namba au maneno au ndiyo na hapana, ili ikague kabla ukurasa haujafika kwa watu.

"Kinyozi," alisema, "dukani kwako yupo mteja mmoja kwenye benchi. Anaingia mwingine. Wako wangapi?"

"Wawili, mwalimu. Na huyo wa pili atasema ana haraka."

"Sasa muulize huyu."

Kinyozi akaandika moja kwenye kisanduku cha kwanza, moja kwenye cha pili, akabonyeza. Ukurasa ukajibu: 11.

"Duka limejaa ghafla," alisema dada wa duka la dawa. "Tafuta msaidizi."

"Msaidizi akae wapi? Kiti ninacho kimoja."

Tulicheka hadi mwenye duka la chini akagonga dari kwa fimbo. Mama Nyekundu alingoja tumalize. Alieleza kwamba chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa hufika kama maneno, hata kama ni tarakimu tupu, na maneno hayajumlishwi, yanaunganishwa. "Mashine haikukosea," alisema. "Ilipewa maneno, ikayafunga pamoja. Aliyekosea ni yule aliyedhani ni namba na hakusema."

Kisha akafungua faili la programu, na pembeni mwa jina la kisanduku akaandika neno moja, Namba. Papo hapo mstari mwekundu ukajichora. Hakuna mtu aliyekuwa amefungua ukurasa, hakuna mteja aliyehesabiwa, na kosa lilikwisha kuonekana.

"Lila na fila havitangamani," alisema. "Huyu mkaguzi anaamka kabla ya wateja wenu. Heri uaibike mbele ya mashine kuliko mbele ya watu."

Mzee mstaafu wa reli, ambaye hukaa mbele kwa sababu ya macho, akainua mkono. "Kama anajua yote hayo, kwa nini asiandike mwenyewe sisi tukanywe chai?"

"Hajui unachotaka, mzee wangu. Anajua ulichomwambia tu."

"Na akinyamaza?"

"Nyekundu ikinyamaza, tembea," alijibu, kama alivyotujibu kila juma. Tuliandika hivyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili asubuhi na dakika chache.

Wakati huo huo, katika kambi ya wajenzi nchi ya mbali, mume wa Mama Nyekundu alikuwa amekaa mbele ya kamera, nywele amezilowesha maji na kuzichana, akitazama skrini isiyo na mtu.

Yaliyobaki nayaandika kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, na mengine ni ya Kinyozi, ambaye hana kifua cha siri.

Mume wake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, akaongeza miwili mingine. Kambini hawaruhusiwi simu za mkononi. Kila mfanyakazi ana zamu moja kwa mwezi katika chumba cha mawasiliano, dakika chache, na saa yake hubadilika mwezi hadi mwezi. Simu yenyewe hailii. Familia ndiyo inayofungua kiungo kwenye kompyuta, na wakifungua kwa wakati wanamkuta mtu wao ameketi. Wakichelewa, hakuna kitu.

Dakika hizo huisha upesi kuliko biskuti mkononi mwa mtoto. Waliongea habari za miguu ya mama mkwe, za paa linalovuja upande wa jikoni, za mbwa wa jirani. Mama Nyekundu alikuwa na mengine ya kusema. Alitaka kumwambia kwamba bado analala upande wake wa ukutani ingawa kitanda kizima ni chake. Kwamba akisikia cheche za mashine ya kuchomelea barabarani hupunguza mwendo, akijua kabisa kuwa aliyeinama pale ni mtu mwingine. Hayo hayakuwahi kupata nafasi. Alikuwa na mdomo mzito, na mumewe vivyo hivyo; walioana wawili wa aina moja.

Mwezi uliopita, zamu ikiwa karibu kwisha, mumewe alisema: "Wametuletea karatasi ya miaka miwili mingine. Tunajibu getini, siku inayofuata zamu yetu ya mwezi ujao. Ukisema rudi, narudi. Ukinyamaza, nitajua unaona bora nibaki, nitasaini."

Alifungua mdomo. Skrini ikaandika: Muda huu umekwisha.

Mwezi mzima alilibeba neno hilo moja, rudi. Alilisema akifua, alilisema akipanga viti vya darasa. Mama mkwe wake, ambaye masikio yake ni mazima kuliko miguu, alimwuliza siku moja, "Unamwambia nani arudi? Kuku?"

"Ninafanya mazoezi, mama."

"Fanya, mwanangu. Mimi nilimzaa na bado sijui anasikia kwa sikio lipi."

Sasa, habari ya saa. Kambi hutuma ratiba kwa saa za huku kwetu, lakini kwa hesabu ya mashine, ile inayoanza usiku wa manane. Nane yao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Zamani faili lilipofika, mtu alisoma, akatoa sita kichwani, akapeleka habari nyumba hadi nyumba, maana familia kadhaa za mtaa wetu zina watu kule. Wapo waliosahau kutoa sita wakakosa zamu. Ndipo Mama Nyekundu alipotupa kazi ya darasa: tutengeneze ukurasa usome faili la kambi wenyewe na kuonyesha saa yetu, watu wapumzike kuhesabu. Sehemu ya kuonyesha alipewa Kinyozi, kwa kuwa kaka yake analala chumba kimoja na yule fundi.

Mwalimu alitufundisha tuseme aina mbili. Moja tukaiita SaaYaMashine, nyingine SaaYetu, na kila moja tukaeleza kuwa ni Namba. Kinyozi akaandika sehemu yake. Mwalimu akapitia mstari kwa mstari. Hakukuwa na nyekundu hata moja. Tukatembea.

Mwezi wa Machi ulikuwa wa kwanza kwa ukurasa huo kufanya kazi. Mbele ya jina la mume wake uliandika: Jumamosi, saa 8.

Saa nane mchana, basi. Darasa linakwisha saa nne. Alikuwa na muda wa kwenda nyumbani, kuoga, na kuvaa gauni la bluu ambalo mumewe aliwahi kusema linampendeza, miaka mingi iliyopita, na hakurudia. Mama mkwe alijipaka mafuta miguuni kana kwamba kamera itaiona. Walikaa wawili mbele ya kompyuta kwenye chumba cha mbele, mlango wamefunga ili jirani asije kuazima kitu.

Saa nane ikafika. Akafungua kiungo.

Muda huu umekwisha.

"Labda bado," alisema mama mkwe.

Akafungua tena. Maneno yale yale. Akamwandikia karani wa kambi kuuliza kama kuna hitilafu ya mtandao. Karani alijibu upesi na kwa adabu: "Mume wako alikuwepo kuanzia 8:00. Alikaa hadi mwisho wa zamu, akaomba aongezwe kidogo, tukamwongeza. Hakuja mtu."

Aliitazama ile 8:00, akaisoma kwa sauti.

"Si ndiyo nane hii?" mama mkwe aliuliza, akionyesha saa ya ukutani.

"Hii ni nane yetu, mama. Yake ilikuwa ya mashine. Alikuwepo asubuhi."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nikifundisha."

Mama mkwe hakumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Alifunika miguu yake kwa khanga akasema polepole, "Basi atajua tumenyamaza."

Akamwandikia karani tena, akamwomba apeleke neno moja tu. Jibu lilikuwa kwamba hairuhusiwi kupeleka habari za familia, kwa kuwa wakimfanyia mmoja itabidi wawafanyie wote, na kwamba zamu ijayo ni mwezi wa Aprili. Alimtakia mchana mwema.

Mama Nyekundu alijikaza kisabuni. Hakulia mbele ya mama mkwe. Alivua gauni la bluu, akavaa la kila siku, akachukua kompyuta yake chini ya kwapa, akaenda dukani kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Alipomwona mwalimu mlangoni na uso ule, alizima mashine yake ya kunyolea.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Malizia kwanza. Usimwache mtu nusu."

Mteja alipotoka, akiwa amenyolewa kwa haraka ambayo pengine aliigundua alipofika kwenye kioo cha nyumbani, walikaa kwenye benchi wakiwa na kompyuta katikati yao. Mama Nyekundu hakumwambia lolote la kumlaumu. Alifungua faili, akatafuta mahali ambapo saa ya kambi inapokelewa, akaifuata kwa kidole hadi mahali inapoonyeshwa.

"Hapa inaingia SaaYaMashine," alisema. "Hapa inatakiwa SaaYetu. Katikati ilipaswa kutolewa sita."

Kinyozi alisoma, akasoma tena. "Sikutoa. Mwalimu, nilisahau kutoa. Mkono wangu huu."

"Mkono wako ulisahau. Mkono husahau, ndiyo maana tuna mkaguzi. Swali langu ni kwa nini yeye hakusema." Akarudi juu kabisa ya faili, mahali tulipotaja aina. "Tazama. Tuliandika SaaYaMashine ni Namba. SaaYetu ni Namba. Sisi tuliona vitu viwili. Yeye aliona Namba na Namba. Ni kama kumwita mtu mmoja majina mawili ukadhani umepata ndugu wawili. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, halafu nikawaambia mtembee."

"Sasa inafanywaje?"

Alimwonyesha, kwa sababu hajui kukaa mbele ya kosa bila kulirekebisha. Badala ya namba tupu, kila saa ifungwe kama kifurushi: ndani yake namba, na juu yake lebo inayosema ni ya mashine au ni yetu. Vifurushi vyenye lebo tofauti haviingiliani hata kama namba ndani ni ile ile. Aliandika mistari michache. Alipoinua kidole, pale pale ambapo Kinyozi alisahau kutoa sita, mstari mwekundu ukajichora, mrefu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Kinyozi anasema mwalimu aliutazama mstari huo kwa muda mrefu sana. Hakuugusa. Nje watu walipita na miavuli iliyokunjwa, wakiitazama mbingu. Mwishowe alisema, si kwake hasa, "Ningeuona huu juma lililopita, ningekuwa nimekwisha kumwambia."

Kisha akasimulia yote, habari ya karatasi na geti na lile neno. Kinyozi alisikiliza akizungusha chanuo vidoleni.

"Kesho saa ngapi wanasaini?"

"Geti linafunguliwa saa moja asubuhi, kwa saa za huku kwetu."

"Mimi na kaka ni kesho," alisema Kinyozi. "Kumi na mbili asubuhi, kama kawaida yetu. Zamu yake haihamishwi, kwa ajili ya kazi ya jikoni."

Mama Nyekundu akageuza kompyuta. Mbele ya jina la kaka yake ukurasa uliandika: Jumapili, saa 6.

"Na hii hukuiona?"

"Niliiona, mwalimu. Nikasema, ah, hiyo ni kompyuta tu, mimi zamu ya kaka naijua." Akaona aibu, halafu akacheka kidogo kwa aibu hiyo, na mwalimu naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Chukua zamu yangu."

"Na kaka yako je?"

"Kaka yangu huniuliza nani kafunga bao. Atangoja mwezi ujao, mabao yatakuwa mengi zaidi."

"Siwezi kumnyima mtu ndugu yake."

"Basi tumgawane. Mimi nitampa salamu, yeye aende kumwita jirani yake wa kitanda. Ila, mwalimu, wakati mwingine huwa keshatoka kwenda kuoga. Sikuahidi."

"Usiniahidi. Fungua mlango mapema tu."

Jioni yote alirekebisha ukurasa, akajaribu kila zamu ya mwezi, akatuandikia sisi wanafunzi ujumbe kwamba sehemu ya mwisho ya somo la leo haikuwa sahihi, na kwamba Jumamosi ijayo ataifundisha upya. Hakueleza amejuaje. Mama mkwe anasema alikula chakula akikitazama kiti cha mkono wa kulia, ambacho tangu mwanawe aondoke hakijapewa mtu mwingine, hata mgeni.

Jumapili asubuhi alikuwa mbele ya duka la Kinyozi kabla ya mwenyewe hajafika na ufunguo. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Walipoingia alikaa kwenye kile kiti kimoja cha kunyolea, kompyuta juu ya meza ya chanuo na dawa za nywele, na kioo kikubwa nyuma yake kikimwonyesha yeye na skrini.

Kumi na mbili kamili, kaka yake Kinyozi akatokea, uso umejaa usingizi.

"Wewe umekuwa mwanamke?" alimwuliza.

"Kaka, kimbia ukamwite fundi," Kinyozi alisema kutoka pembeni. "Mkewe yuko hapa. Kimbia, tutaongea siku nyingine."

Kaka mtu hakuuliza la pili. Kiti kikabaki kitupu. Walikitazama kiti kitupu, ukuta wa rangi ya krimu, swichi ya taa. Muda ulikuwa unakwenda pembeni mwa skrini, tarakimu baada ya tarakimu.

Mume alifika akihema, shati halijafungwa vifungo, povu la dawa ya meno kwenye pembe ya mdomo. Amekonda, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Alikaa.

"Bibie. Jana nilikungoja."

"Najua. Ukurasa ulionyesha nane, ilikuwa haijatolewa sita, mimi nikadhani ni nane ya mchana, kumbe zile aina mbili tulizozitaja zilikuwa..." Akajikata mwenyewe. Alikuwa akieleza vizuri, kwa mpangilio, na tarakimu pembeni zilikuwa zikiisha.

"Zilikuwa nini?"

"Achana nazo. Rudi."

Mumewe akaanza kufunga vifungo vya shati, cha juu kwanza, kama mtu ambaye mikono inahitaji kazi. "Paa bado," alisema.

"Paa liko juu pale pale, halijaenda popote. Wewe ndiye haupo."

Akamtazama. Kinyozi anasema hapo alijifanya kutafuta kitu chini ya benchi.

"Nilidhani jana umenijibu," alisema mume.

"Jana sikujua saa. Leo nakujibu. Rudi nyumbani."

"Sema te—"

Muda huu umekwisha.

Alisema tena hivyo hivyo, mbele ya skrini iliyokwisha kufungwa. Kinyozi aliuliza kama mumewe amesikia. Mwalimu alisema amesikia mara mbili za kwanza, na hiyo ya tatu ilikuwa yake mwenyewe.

Kisha akamwomba Kinyozi asifungue bado dirisha la mbele. Alikaa kwenye kiti kile, mikono mapajani, akiitazama saa ya ukutani hadi ilipotimia saa moja, wakati ambapo kule geti linafunguliwa na watu wanapanga foleni mbele ya karatasi. Ilipopita, alisimama, akakifuta kiti, akaenda nyumbani kwa miguu, mvuani, kumwambia mama mkwe kwamba neno limefika.